Uliza Fundi: Africa Twin ya zamani, rangi baadae, mpira na waya kwanza

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia pikipiki moja, Honda Africa Twin, ile ya kabureta, sio hii mpya iliyorudi 2016. Kwa wasioijua: ilianza 1988 na injini ya cc 650, mwaka 1990 ikaja ya cc 750 na ikaendelea mpaka 2003, silinda mbili za V, inapozwa kwa maji, tairi ya mbele inchi 21. Jina na umbo vilitokana na ile NXR750 ya Honda iliyoshinda mbio za jangwani za Paris-Dakar miaka minne mfululizo, 1986 mpaka 1989. Huku kwetu nyingi zililetwa na wasafiri waliokuwa wanavuka Afrika, zingine zikabaki, na sasa vijana wetu wanazifufua nyumbani, jambo ambalo mimi nalipenda sana. Ila niseme mapema, hizi mashine hazifi kwa kilomita, zinakufa kwa kukaa. Majibu yangu karibu yote leo yanatoka hapo.

Swali: Shikamoo fundi. Mjomba ameniachia Africa Twin RD07 (toleo la 750) ya 1995, imekaa stoo Njiro kama miaka saba haijawashwa, namba ni za Tanzania na kadi ipo. Nataka nianze na rangi, nyeusi ya mati, alafu taa za nyongeza na maboksi ya aluminiamu, niende nayo Mbeya. Fundi wa mtaani anasema niweke betri mpya tu itawaka. Nianzie wapi? — *Msomaji, Arusha*

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera, mjomba kakuachia kitu. Usiweke betri na kupiga stata, nakuomba. Miaka saba ile oili iliyokuwa kwenye kuta za silinda imeshashuka yote, ukizungusha kwa stata ringi zinasugua chuma kikavu. Toa plagi, ziko nne sio mbili, mana kila silinda ina plagi mbili, mwagia oili kidogo kila silinda, acha ilale usiku mmoja, kesho yake weka gia ya tano, nyanyua tairi la nyuma na uzungushe kwa mkono taratibu. Ikizunguka laini bila kugoma mahali, pumua, injini ipo.

Sasa tenki. Mwaga petroli yote ya zamani, utaijua kwa harufu, inanuka kama vanishi, alafu mulika ndani na tochi. Kama kuna kutu ya unga unga nenda kanunue sitriki asidi ile ya unga wanayouza kwa watengeneza juisi, changanya na maji ya moto, jaza tenki, acha usiku mzima, mwaga, suuza na maji yenye magadi soda kidogo kuua ile asidi, kausha haraka na umwagie petroli safi yenye oili kidogo ndani mana chuma kilichosafishwa kinashika kutu upya siku hiyo hiyo. Kutu iliyotoboa ni kesi nyingine, hiyo ni ya mchomeleaji anayejua matenki, na sio mtu wa kubahatisha, mvuke wa petroli unalipuka hata tenki likiwa limekauka kwa macho.

Kabureta ndipo utakapokaa muda mrefu kuliko kote na ni sawa, usikimbilie. Kile kijeti kidogo cha sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta, ndio huziba kwanza, tundu lake ni dogo kiasi kwamba ukikinyanyua juani unatakiwa uone mwanga kama ncha ya sindano, usipouona kimeziba. Usichokonoe na waya wa chuma, utaongeza tundu na hutaipata sailensa tena, chukua unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Juu ya kila kabureta kuna ile ngozi nyeusi ya mpira inayonyanyua pistoni, itoe kwa mikono misafi, inyooshe kidogo mbele ya taa na uizungushe pole pole, kitundu hata kimoja kinatosha pikipiki ikose nguvu ukivuta mafuta. Ile dawa ya kusafishia kabureta isiiguse kabisa hiyo ngozi, inavimba na hairudi. Ukishafungua, badilisha na oringi zote za ndani.

Halafu breki, na hapa ndio utaelewa kwanini nasema rangi baadae. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, kwa kawaida yanabadilishwa kila miaka miwili, ya mjomba yatakuwa yamegeuka kahawia. Weka mafuta yaliyoandikwa DOT 4, usiweke DOT 5 ya silikoni. Hayo mafuta tone moja tu linababua rangi mpya, na petroli nayo hivyo hivyo, kwahiyo ukipaka rangi kwanza alafu uje kutoa hewa kwenye breki umelipa mara mbili. Mipira ya breki ya 1995 toa yote hata kama inaonekana nzima kwa nje, ndani huwa imevimba, unabonyeza inashika ila ukiachia haiachii, kaliper inabaki imebana na diski inaungua. Ukiweza kupata ya waya wa chuma weka hiyo.

Tairi usiangalie kashata, yaani meno yake. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, kwa mfano 2215 maana yake wiki ya 22 mwaka 2015, tairi kama hiyo hata ikiwa na vinywele bado ni ya kutupa. Size zake ni 90/90-21 mbele na 140/80-17 nyuma, na tyubu mpya pamoja na utepe wa rimu unaofunika vichwa vya spoki. Mipira ya rejeta ibonyeze, ikilia kama inapasuka pasuka imekwisha, na ujaze kulanti, sio maji ya bomba.

Ukimaliza hayo na imetembea Arusha mpaka Moshi na kurudi mara kadhaa bila tatizo, paka rangi unayotaka, ila kumbuka kadi imeandikwa rangi, nenda TRA wabadilishe kabla trafiki hajakuuliza.

Swali: Fundi habari. Yangu ni RD04, ile 750 ya mwanzo, natoka Mombasa kwenda Voi, nikifika kwenye vilima vya Mariakani inakatika kama imeishiwa mafuta, nangoja dakika kumi inawaka, naenda kidogo, tena. Tenki lina nusu. Mafundi wawili wamebadilisha plagi na koili bila mafanikio. — *Msomaji, Likoni*

Jibu: Salama ndugu yangu. Umeeleza vizuri, "kama imeishiwa mafuta" na "tenki lina nusu" ndio ufunguo. Tenki la hii pikipiki limekaa kama tandiko, mabega yake yanashuka chini kuliko kabureta, kwahiyo likijaa petroli inateremka yenyewe lakini likipungua lazima pampu ya umeme iinyanyue. Pampu ya asili ndani ina pointi, zile za kugusana na kuachana, nazo zinaungua na kuwa nyeusi. Ila usinunue pampu leo. Kwanza ikikatika fungua mfuniko wa tenki hapo hapo barabarani, ukisikia hewa inavutwa fyuuu na ikawaka, shida ni kitundu cha kupumulia cha mfuniko kimeziba na vumbi, unasafisha bure. Isipokuwa hivyo, gonga pampu taratibu na mpini wa bisibisi huku msaidizi anapiga stata, ikiamka ujue ni pointi. Zinaweza kusuguliwa na msasa laini sana ukafika nyumbani, lakini zitaungua tena.

Dawa ya kudumu ni pampu ndogo isiyo na pointi, ya presha ya kabureta. Usikubali kuuziwa ya gari ya EFI, yaani isiyo na kabureta, ile inasukuma presha ya baa tatu hivi, itazidi nguvu sindano za kabureta na petroli itamwagika juu ya injini ya moto. Na ukikwama porini bila chochote, ruka pampu, unganisha mpira wa tenki moja kwa moja na kabureta, utatembea mpaka kama nusu tenki alafu unajaza tena. Sio maisha ila inakufikisha Voi.

Swali: Sasa fundi. Niko Nairobi, wikendi napanda Nyahururu na baridi ya huko unaijua. Nimefunga taa mbili za halojeni za wati 55, hita za mikono na chaja ya simu, tangu hapo betri inalala kila wiki, nimeshanunua mbili. Ni betri feki? — *Dada wa RD07, Ruaka*

Jibu: Poa dada, na Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, hita za mikono kule sio anasa. Betri inawezekana haina kosa. Piga hesabu na mimi: taa mbili ni wati 110, hita karibu 40, hapo umeongeza zaidi ya ampia 12 juu ya taa za pikipiki yenyewe, na kwenye foleni ya Limuru Road injini ikiwa sailensa dainamo haitoi hizo, unakula akiba ya betri.

Chukua mita ya umeme. Betri iliyopumzika usiku isome volti 12.6 kwenda juu. Washa, zungusha injini kama mizunguko 5,000 kwa dakika, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13 haichaji, ikizidi 15 regyuleta, kile kifaa cha kudhibiti umeme wa kuchaji, imeachia na inachemsha betri, na hiyo pia inaua betri mpya kwa wiki chache. Kabla hujalaumu regyuleta fuata waya zake tatu za njano mpaka kwenye soketi, ichomoe na uiangalie kwa karibu. Soketi nyingi nilizofungua kwenye pikipiki za umri huu plastiki yake imeshaanza kuyeyuka na kugeuka kahawia upande mmoja na pini ina ukungu wa kijani, umeme unaishia hapo kama joto. Kata hiyo soketi, unga waya kwa risasi na ufunike, au weka soketi mpya nene isiyopitisha maji. Alafu huku soketi imechomolewa pima zile waya tatu kwa zamu mbili mbili, mita ikiwa kwenye AC, injini 5,000: zote zitoe namba zinazolingana, zaidi ya volti 50. Moja ikiwa chini sana koili za dainamo zimeungua, zikiwa sawa zote basi ni regyuleta, na mimi ningeweka ya teknolojia ya MOSFET kama Shindengen FH020AA, haichemki kama ya zamani. Angalia sana feki, ziko nyingi.

Na taa toa halojeni, weka LED za wati 20 kila moja. Zipitishe kwenye rilei yenye fyuzi yake karibu na betri, ile rilei uiamshe na waya unaowaka ukifungua swichi, hivyo hata ukisahau taa zinazima na ufunguo. Chaja ya simu nayo hapo hapo, mana ile ikiunganishwa moja kwa moja na betri inanyonya polepole hata pikipiki ikiwa imelala.

Swali: Naishi Leicester, nina Honda Transalp ya 1992, ndugu yake Africa Twin. Hii petroli ya E10, yenye ethanoli mpaka asilimia 10, ina madhara? Na inakaa gereji kuanzia Novemba mpaka Machi. — *Msomaji, Uingereza*

Jibu: Ndiyo kaka, E10 imekuwa petroli ya kawaida huko tangu Septemba 2021 na mipira ya 1992 haikutengenezwa kwa ajili ya ethanoli kiasi hicho. Tia ile ya supa, ni ghali ila kwa pikipiki ya wikendi unaimudu. Kabla ya Novemba jaza tenki mpaka juu kutu isipate nafasi, funga koki, legeza skrubu za chini za kabureta petroli yote itoke, na betri iache kwenye chaja ndogo ya kutunzia.

Swali: Fundi wa bodaboda huku Dodoma ananiambia oili ni oili, niweke ya gari. Klachi sasa inateleza gia ya nne na tano. Ni yeye? — *Msomaji, Area C*

Jibu: Inaelekea ni hiyo oili. Klachi ya Africa Twin inaoga kwenye oili ya injini, na oili nyepesi za magari ya kisasa, hasa zile za 5W-30, nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi bila msuguano haishiki. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi kama hiyo, 10W-40, na kwa joto la huko hata 20W-50 ni sawa. Badilisha pamoja na filta, tembea, badilisha tena mapema, mara nyingi klachi inajirudi. Na kama hujawahi kupima valvu tangu uinunue, pima injini ikiwa ya baridi kabisa: za kuingiza milimita 0.15, za moshi 0.20, zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ya asubuhi moja.

Swali: Shikamoo. Nataka kwenda na mke wangu Mwanza mpaka Kigoma, siti inamuumiza na nyuma inagonga chini kwenye matuta. Pia nilitaka yale maboksi makubwa ya pembeni. — *Msomaji, Nyegezi*

Jibu: Marahaba, na mpe pole mama. Siti peleka kwa fundi makochi mzuri, ila nenda na mama mwenyewe akae juu yake hapo hapo, fundi achonge sponji ngumu ya chini na laini kidogo ya juu, na nyuma asiinyanyue sana, akikaa juu mno kichwa chake kinapigwa na upepo wote unaoruka juu ya kioo. Kugonga chini kwanza kaza springi ya shokapu ya nyuma, ile shokapu kama ni ya tangu kiwandani gesi na oili yake zimeshachoka, inajengwa upya au unanunua nyingine yenye springi ya uzito wenu wawili na mizigo. Usijaribu kuziba tatizo la shokapu kwa kupunguza mizigo peke yake.

Maboksi ya chuma mimi kwa watu wawili na barabara za vumbi sikushauri. Mguu ukishuka kwenye mchanga boksi linaukuta kwa nyuma, na uzito wake wote unaning'inia kwenye zile bomba za fremu za nyuma ambazo zina miaka thelathini, huwa zinapasuka kwenye welding karibu na bolti. Chukua mabegi laini ya turubai, vizito kama spana na maji viweke chini na mbele, karibu na miguu ya mama, juu nyuma ya siti weka nguo tu. Kabla ya safari osha pikipiki na ukague hizo welding moja moja na tochi, mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi mara nyingi ni ufa unaoanza, huo peleka achomelee fundi, na betri ivuliwe waya zote kabla hajawasha mashine.