Acha Kumsubiri Mzungu: Kiingereza Chako Kianzie Kariakoo

Wanafunzi ninaowafundisha Kiingereza jioni hapa Ilala wanajua mengi kuliko wanavyodhani. Barua ya kuomba kazi wanaandika, taarifa ya habari wanaifuata. Ila mkalishe mmoja mbele ya mgeni, anaanza kuumauma maneno mpaka anakaa kimya kabisa.

Hofu hiyo ina historia. Wengi wetu tulisoma mpaka darasa la saba kwa Kiswahili, tukaingia Kidato cha Kwanza na kukuta Baiolojia na Historia zinafundishwa kwa Kiingereza. Ukikosea, darasa zima linacheka. Shule nyingine, ukiongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Mtu aliyelelewa hivyo anakua akiamini kwamba kila akifungua mdomo kuna anayemsahihisha. Stephen Krashen, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alieleza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba wasiwasi ni kama chujio: lugha unaisikia, lakini haipenyi ndani.

Sasa jiulize, nani hasa anatucheka? Ni sisi kwa sisi. Mtanzania mwenzako ndiye anayesema unaongea Kiingereza cha kuombea maji. Mgeni asiyejua Kiswahili hana muda huo, kwa sababu anahitaji kitu kutoka kwako. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu watafute wageni mapema, wasingoje "kiive" kwanza. Wala mgeni si lazima awe Mwingereza. Kariakoo imejaa wafanyabiashara wa Zambia na Malawi wanaokuja kuchukua mzigo. Kiingereza ni lugha rasmi Zambia, lakini nyumbani wengi wao wanaongea Kibemba, Kinyanja au lugha nyingine ya kwao. Nao walijifunza, kama wewe.

Nina mwanafunzi anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo. Siku moja nilikuwa dukani kwake akaingia mama wa Kizambia, akashika doti moja na kuuliza swali. Zamani dada huyu angejibu "yes" na kutabasamu. Safari hii akasema, "Sorry, say it again." Yule mama akarudia, akafikicha kitambaa mikononi kama anayefua. Hapo dada akaelewa anaulizwa kama rangi inachuja. Akachukua chupa yake ya maji ya kunywa, akalowesha pindo, akalikamulia kwenye tishu nyeupe, akamwonyesha: tishu safi. Mama akalisema tena lile neno la kuchuja, dada akalirudia, na tangu siku hiyo analitumia kwa kila mteja. Michael Long, mtafiti mwingine wa lugha, alishikilia hoja hii kwa miaka mingi: watu wawili wanaposimama kutafuta kuelewana, hapo ndipo lugha inapoingia. Mimi nimeiona kwa macho, kwenye tishu.

Ile "yes" ya heshima tuiache. Kwetu kumkatiza mgeni kumwambia hujamwelewa kunaonekana utovu wa adabu, kwa hiyo tunaitikia tu. Mgeni yeye anahesabu mmekubaliana bei. Kuomba arudie ndiyo heshima yenyewe, na hakuna sentensi utakayoihitaji zaidi ya hiyo.

Jambo la salamu nalo linawavunja watu moyo. Sisi tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, ndipo tunafika kwenye shida. Mgeni anaweza kusalimia kwa neno moja akaingia kwenye biashara, na mwanafunzi akahisi amedharauliwa, akanywea. Hujadharauliwa. Ndivyo alivyozoea kwao, na ukimuuliza atakueleza vizuri tu, nanyi mtakuwa mmepata mazungumzo.

Kama huna duka, tafuta wa kubadilishana naye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wageni wanaosoma Kiswahili, na wanahangaika na ngeli kuliko unavyohangaika wewe na Kiingereza. Nusu saa Kiswahili, nusu saa Kiingereza, mahali pa wazi penye watu. Usimvamie mtalii aliyejipumzikia Coco Beach.

Na uende na la kusema. Andaa kitu unachokijua kwa undani: vikao vya harusi na michango yake, pilau inavyopikwa kwenu, namna ya kupanda mwendokasi saa za asubuhi. Ukieleza usichoulizwa na mtihani, na mwenzako hakijui kabisa, wewe ndiye mwenyeji na yeye ndiye anayetafuta. Nimeona watu wanaongea dakika ishirini juu ya kitchen party bila kukumbuka sarufi.

Walimu wenzangu, hapo msiingilie. Makosa yaandikeni pembeni, myaseme mazungumzo yakiisha, na mchague mawili au matatu yaliyozuia kuelewana. Mengine yaacheni mpaka wiki ijayo.