Daktari wa Mifugo Anajibu: Mbwa wa Signora na Yai la Pasaka

SWALI: Daktari, salamu aleikum. Nafanya kazi za nyumba kule Casuarina, hapa Malindi. Tajiri wangu ni mama wa Kitaliano, ana mbwa mdogo wa kilo 7. Pasaka aliletewa lile yai kubwa la chokoleti ya maziwa, akaliacha mezani. Mbwa alikula kama nusu, nakisia gramu 150. Signora aliporudi alipiga kelele utadhani nyumba inaungua, akampigia simu daktari. Mimi nilishampa mbwa maziwa ili yaue sumu, nikaambiwa hayasaidii. Usiku kucha alihema, akazunguka chumbani, akakojolea mikeka. Sasa amepona. Lakini kwetu Ganda mbwa hula ugali, vichwa vya samaki, hata pipi za watoto, na hatujazika hata mmoja kwa ajili ya chokoleti. Je, ni sumu kweli au ni maringo ya mbwa wa kizungu? Na paka je?
— Mfanyakazi wa nyumba, Malindi

JIBU: Waalaikumu salamu, mwanangu. Ni sumu kweli, na Signora alikuwa na haki ya kupiga kelele. Mbwa wa Ganda hawafi kwa chokoleti kwa sababu hawaipati ya kutosha kuwaua. Pipi ya mtoto haina kakao. Biskuti iliyopakwa chokoleti kidogo, akiila mbwa wa kilo 20, ni kama hakula kitu.

Kinachodhuru ni kakao. Ndani yake mna theobromini, ndugu yake kafeini ya kwenye kahawa. Sisi binadamu tukiila, baada ya saa 6 hadi 10 nusu yake imeshatoka mwilini. Mbwa huchukua saa 17 hivi kufika hapo, na muda wote huo moyo wake unachapwa bakora.

Tupige hesabu ya mbwa wako. Gramu moja ya chokoleti ya maziwa ina theobromini kama miligramu 2, kwa hiyo gramu 150 ni miligramu 300. Gawa kwa kilo 7, unapata 43 kwa kila kilo ya mbwa. Kutapika, kuharisha na kiu huanza kwenye 20. Ikifika 40 au 50 moyo huenda mbio na kuruka mapigo. Kwenye 60 huja degedege. Basi kuhema kule hakukuwa joto la Malindi, na mikeka hakuikojolea kwa ukaidi: theobromini hukojoza. Yule mbwa alikuwa mahali pabaya, na nafurahi daktari aliitwa mapema, maana dalili huchukua saa 6 hadi 12 kujitokeza sawasawa na zinaweza kuendelea hadi siku 3. Anayengoja aone kwanza huwa amechelewa.

Sasa nenda jikoni ufungue kabati, maana hatari kubwa iko huko kuliko kwenye yai. Chokoleti nyeusi ina miligramu 5 hivi kwa gramu. Kakao ya unga isiyo na sukari, ile anayonyunyizia tiramisu, kile kitamutamu cha Kitaliano, ina 20 au hata zaidi. Gramu 25 za unga huo, yaani vijiko vinne vya mezani, ni miligramu 500. Gawa kwa 7 uone ulipofika. Kopo hilo lipandishe rafu ya juu leo leo. Chokoleti nyeupe karibu haina theobromini. Taabu yake ni mafuta, yanayoweza kumvimbisha mbwa kongosho.

Maziwa hayaui sumu, ingawa Pwani nzima tumelelewa tukiambiwa hivyo. Chumvi ya kumtapisha ndiyo mbaya zaidi: inaweza kumuua yenyewe. Mafuta ya kupikia ukimnywesha yanaweza kuingia kwenye mapafu. Na mkaa anaotoa daktari ni mkaa wa dawa, usije ukasaga wa jikoni. Kazi yako ni moja: piga simu upesi, useme uzito wa mbwa, aina ya chokoleti na kiasi kilicholiwa. Karatasi ya chokoleti usiitupe, msomee daktari iliyoandikwa. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo moja kwa moja hakuna. Daktari humtapisha kwa dawa zake mapema, au humtundikia maji na kumtuliza moyo.

Kuna jambo moja watu hawalijui. Theobromini iliyokwisha fika kwenye kibofu hufyonzwa tena ikarudi kwenye damu. Kwa hiyo mbwa aliyekula chokoleti mtoe nje kila mara akojoe, hata usiku. Kama unachunga najisi, shika mnyororo, mbwa mwenyewe atajua la kufanya.

Na chingamu au peremende za Signora zisizo na sukari, zile zenye zailitoli, kitu kinachotiwa badala ya sukari, ziogope kuliko yai lote lile. Kidogo tu hushusha sukari ya damu ya mbwa, pengine ndani ya nusu saa, akaanguka.

Paka? Sumu ni ileile, na mwili wake ni mdogo zaidi. Lakini ulimi wa paka hauonji utamu wa sukari, kwa hiyo mara nyingi chokoleti huipita tu. Wewe funika samaki.