TB nyumbani: achana na sahani, fungua dirisha

Mkuu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mdogo wako aliyekutwa na TB ya mapafu atengewe sahani, kikombe na shuka, maana mnalala chumba kimoja na mwanao wa miaka 3. Nimemuuguza kaka yangu ugonjwa huohuo Temeke, nakujibu kwa niliyoyaona na tuliyofundishwa kliniki.

Vyombo achana navyo. TB haiambukizwi kwa sahani, shuka wala kupeana mikono. Inapita hewani. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akiongea au kuimba, anatoa vitone vidogo mno. Vile vizito vinaanguka, vyepesi vinabaki vinaelea, na chumba kikiwa kimefungwa vinaweza kukaa saa kadhaa. Unaweza kuingia yeye keshatoka na bado ukavivuta.

Kwetu shangazi alikipaka kikombe cha kaka rangi nyekundu ya kucha, kisichanganywe na vingine. Kaka alikuwa akikizungusha mkononi mpaka chai inapoa, hanywi. Iliniuma sana. Na muda wote huo dirisha la chumba walicholala watu wanne lilikuwa limezibwa kwa maboksi, kwa kuogopa vibaka na mbu. Nesi alipotutembelea hakugusa habari ya vyombo, alikwenda moja kwa moja dirishani. Tukatoa maboksi, tukaweka nondo na wavu, na mchana mlango ukawa wazi. Kaka akahamia kulala sebuleni peke yake, na akikohoa anaziba mdomo kwa kitambaa.

Kinga kubwa kuliko zote ni dawa zenyewe. Dawa zikimkubali, ndani ya wiki chache tu uwezo wake wa kuambukiza unashuka sana. TB ya kawaida hutibiwa miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Mkojo utageuka rangi ya chungwa, hiyo ni rifampisini, moja ya dawa hizo, asishtuke. Kazi inaanza kikohozi kikikata na mwili ukirudi, hapo ndipo wengi wanaacha dozi, na TB ikirudi inaweza kuwa sugu. Simama naye, mwone akimeza.

Mtoto ndiye wa kumuwahi. Chini ya miaka 5 maambukizi hugeuka ugonjwa upesi, na yanaweza kufika hadi kwenye ubongo. Chanjo ya BCG inapunguza hatari ya aina hizo kali, ila haizuii kila kitu. Usisubiri akohoe, kwa watoto wadogo mara nyingi dalili ni uzito kugoma kupanda. Mpeleke kesho kliniki ileile ya mdogo wako, ubebe na kadi ya mtoto waone mstari wa uzito. Wakimpima wakakuta hana TB, waulize kuhusu dawa za kinga, watoto wanaoishi na mgonjwa hupewa.