Mama kuishi peke yake: anza na vidonge

Dada, umeuliza utajuaje kama mama yako, miaka 81, hawezi tena kuishi peke yake Muheza. Kwenye simu atakwambia tu "sijambo mwanangu", kwa hiyo nenda. Hesabu vidonge vya presha: alipewa 30, mwezi umeisha, na bado vipo 17? Hapo pana jambo. Chungulia na sufuria, zimeungua ngapi? Sisi, kwa mama yetu, tulishtuka tulipokuta jiko la mkaa linawaka chumbani, mlango umefungwa. Ila akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hospitali kwanza. Maambukizi ya mkojo tu yanaweza kumvuruga mzee hivyo. Kumhamishia Dar, mjaribishe mwezi mmoja. Kuku wake waachiwe jirani, wasiuzwe!