Re: Ukoo mzima kando ya ziwa, na farasi

Ndugu, unauliza pa kukutanisha ukoo kando ya ziwa, na umetaja watu sitini, bibi wa miaka themanini na vijana wanaolilia kupanda farasi. Mimi ningewapeleka Ziwa Mburo, hifadhi ya taifa magharibi mwa Uganda, bila kufikiri mara mbili. Ni mwendo wa saa nne hivi kutoka Kampala, lami karibu njia yote kupitia Masaka na Lyantonde, na ikweta mnaivuka pale Kayabwe, kwa hiyo picha ya ukoo hamtaikosa.

Farasi wako Mihingo Lodge, hoteli ya wageni pale hifadhini. Raha yake ni kwamba pundamilia na pofu (wale swala wakubwa) hawamkimbii farasi kama wanavyokimbia gari. Unamkaribia mnyama hadi unamsikia akitafuna nyasi. Tembo hakuna kabisa kwenye hifadhi hii. Lakini msitegemee kupanda wote kwa mpigo! Gaweni zamu, na muulize mapema masharti ya umri na uzito, maana najua shangazi zetu.

Wazee wapande boti pale Rwonyo, kambi iliyo ndani ya hifadhi, wakae tu na kutazama viboko. Kuogelea sahauni, mamba wamo. Kama watoto lazima waogelee, basi ni Ziwa Bunyonyi, kusini-magharibi mwa Uganda.

Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa kila mtu kwa saa 24, kwa hiyo ingieni mchana mtoke kesho yake kabla ya saa hiyo. Walio na mfuko mdogo wapige hema Rwonyo. Nendeni Juni hadi Agosti, mvua ikiwa imekatika.