Msafara wa pikipiki: mgeni asiwekwe mkiani

SWALI: Nina miezi mitano tangu nipate leseni ya pikipiki. Wenzangu tisa wamenialika safari ya siku nzima. Wanataka nikae wa mwisho nisiwacheleweshe, na nimfuate wa mbele kwa karibu ili magari yasituingilie katikati. Ni sawa?

JIBU: Yote mawili si sawa, na hilo la kubanana nimechoka kulisikia kwa wanafunzi wangu.

Kwa kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde. Ukimfuata mwenzako kwa mita tano, taa yake ya breki ikiwaka, yeye ameshapunguza mwendo kabla vidole vyako havijagusa breki, nawe bado uko kasi ileile. Hakuna uzoefu unaofuta hilo. Gari likitaka kuingia katikati, liache liingie. Punguza mwendo kidogo, urudishe nafasi yako.

Jipangeni kwa mshazari: mmoja upande wa mstari wa kati, anayefuata upande wa ukingo. Uwe sekunde moja nyuma ya aliye upande wa pili, na sekunde mbili nyuma ya aliye mbele yako moja kwa moja. Mkifika kwenye kona, ingieni mmojammoja, kila mtu na njia yake yote.

Sasa mkia. Kiongozi akishuka hadi 60 kwa ajili ya kona kisha akarudi 90, wa mwisho bado yumo konani. Nafasi inatanuka, naye hana budi kupita 90 ili awafikie. Kila kona inamrudishia mbio zilezile, na kadiri mlivyo wengi ndivyo anavyozidi kukimbia. Hapo ndipo wanapotaka kukuweka wewe! Mgeni hukaa wa pili, nyuma ya kiongozi anayetazama kioo chake. Mkiani anakaa mzoefu kuliko wote.

Wanaosema kubanana ndiyo umoja, wakapiga picha wakiwa bega kwa bega, wanawaponza wageni. Mtu akiwa na hofu ya kuachwa, macho yake yanaganda kwenye taa ya nyuma ya mwenzake. Haoni tena barabara. Mwenzake akikosea kona, anakosea naye. Akiovateki lori, naye anafuata bila kutazama, wakati nafasi ile ilimtosha wa kwanza peke yake. Usiovateki kwa macho ya mtu mwingine, hata akikupungia mkono upite.

Kwa watu kumi, gawanyikeni makundi mawili. Kubalianeni vituo kabla ya kuwasha injini, mkipima kwa pikipiki yenye tangi dogo kuliko zote, na kwenye kila njia panda mtu asikate kona mpaka amwone aliye nyuma yake. Wakikataa, waache watangulie. Kituo unakijua, utawakuta.