Maziwa ya kopo yenye protini iliyotoka kwenye mpunga: je, yanaleta undugu wa kunyonya?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nina mtoto wa miezi minne. Maziwa yangu hayamtoshi, kwa hiyo namsaidizia na ya kopo. Dada yangu aliyeko Marekani ameniambia kuwa wataalamu wa huko walipanda mpunga uliotiwa jeni (chembe ya urithi) ya binadamu ili utoe protini za maziwa ya mama, zije zitiwe kwenye vyakula vya watoto. Mume wangu anasema ni haramu kwa sababu hiyo ni sehemu ya mwanadamu. Mimi hofu yangu ni nyingine: watoto wote watakaokunywa kopo hilo si watakuwa ndugu, wasiweze kuoana? (Muulizaji, Tanga)

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Nianze na hofu yako wewe, maana ndiyo nzito zaidi. Hapana, hawawi ndugu.

Mwenyezi Mungu, katika Suratun-Nisaa aya ya 23, amewataja wanawake walioharamishwa kuolewa, na miongoni mwao ni mama zenu waliokunyonyesheni na dada zenu wa kunyonya. Ametangulizwa mama, dada akafuatia. Dada wa kunyonya hupatikana kwa kupitia mama. Pasipo mama, hapana dada. Ndiyo maana mafakihi wetu wa Kishafii wakasema bila kuumauma maneno kwamba watoto wawili wakinywa maziwa ya mbuzi mmoja hawawi ndugu. Wakaongeza masharti: maziwa yawe ya mwanamke, aliyefika umri wa miaka tisa, na awe hai wakati yanapotoka. Yakikamuliwa kwa maiti, hayaleti undugu. Basi ikiwa ziwa la mwanamke aliyekwisha kufa halileti undugu, sembuse punje ya mpunga?

Alilokuambia dada yako lina ukweli. Kampuni iitwayo Ventria Bioscience ilipata kibali cha Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2007 kupanda mpunga wa namna hiyo katika jimbo la Kansas. Kabla ya hapo ilikuwa imekumbana na upinzani California na Missouri, na miongoni mwa wapinzani walikuwamo wakulima wa mpunga waliohofia mbegu zao kuchanganyika. Protini zilizokusudiwa ni laktoferini na lisozimu, ambazo humkinga mtoto na vijidudu. Lisozimu unayo hata kwenye mate na machozi yako. Punje zinasagwa unga, unga unalowekwa, protini inachujwa na kukaushwa. Katika safari yote hiyo hakuna mwanamke aliyekamuliwa.

Kwa mumeo, mpe salamu zangu na umwambie hivi. Jeni inayotiwa kwenye mpunga huundwa maabara kwa kufuata mpangilio wa ile ya binadamu. Hakukatwa nyama ya mtu ikapandwa shambani. Na hata tukijaalia kwamba asili yake ni maziwa yenyewe, maziwa ya mama ni twahara na ndicho chakula cha kwanza cha mtoto. Hoja ya "sehemu ya mwanadamu" haisimami upande wowote. Wapo wanaoleta aya ya kubadili umbile la Mwenyezi Mungu (4:119). Sioni kuwa kuutumia mmea kwa dawa na lishe kunaingia humo, ila sharti la kutodhuru liko palepale: kopo lisilopitishwa na mamlaka ya chakula usimpe mtoto, liwe la mpunga au la ng'ombe. Na utazame pia viambato vingine, hasa mafuta yaliyotiwa, kama ni ya halali.

Ama maziwa ya mwanamke halisi, hapo hukumu inageuka. Mwezi Desemba 1985 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, yaani baraza la wanazuoni wa sharia, ilipokutana Jeddah, ilikataza kuanzisha benki za maziwa ya akina mama katika nchi za Kiislamu, kwa kuwa maziwa yanachanganywa na mwenyewe hajulikani. Na kwetu sisi Mashafii, maziwa hayo yakikamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe au chupa ni sawa na kunyonya titi, mradi mtoto hajatimiza miaka miwili na zimetimia mara tano.

Niseme kweli, mpunga wa Kansas haunikoseshi usingizi. Kinachonitia hofu ni mtaani kwetu. Mama amelazwa, mtoto analia, jirani anamweka kifuani siku mbili tatu, kisha jambo linasahaulika. Baada ya miaka ishirini inaletwa posa. Uqba bin al-Harith, Allah amridhie, alikwisha kuoa ndipo akaja mwanamke akasema, "Niliwanyonyesha wote wawili." Uqba akapanda mnyama wake kutoka Makka hadi Madina kumuuliza Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Akamjibu, "Vipi, na hali imekwisha semwa?" Yaani, vipi utabaki naye hali imekwisha semwa kuwa mmenyonya pamoja. Uqba akamwacha mkewe. Hadithi hii ameipokea Bukhari.

Kwa hiyo, dada yangu, kama yuko shangazi, wifi au jirani aliyewahi kumnyonyesha mwanao, chukua daftari leo uandike jina lake, idadi ya mara alizomnyonyesha, na watoto wake wote, wakubwa na wadogo. Nakala moja umpe mumeo.

Wallahu a'lam.